Gesi Ipo

"Imeisha gesi," kaniambia mlangoni
kabla hata sijavua viatu,
Bi Somoe Chikoti wa Shangani,
khanga kiunoni, upepeo wa ukili mkononi.
"Mafundi watatu wameijaza, mmoja baada ya mwingine,
na bado inanipumulia kama mgonjwa wa siku nyingi."

Nikafunga geji. Nikasubiri mshale utulie.
Mama, gesi ipo.
Imejaa, haijaenda popote.

Akacheka, kicheko kifupi cha watu wa Mtwara,
maana gesi kwetu ni neno lenye kovu.
"Hilo nalo tulishaambiwa, mwanangu. Ipo.
Nyumba hii niliijengea gesi:
vyumba sita, kila chumba na kiyoyozi chake,
wapangaji waje na kofia zao ngumu.
Walikaa miaka miwili.
Viyoyozi vitano nimeviuza. Kimebaki hiki cha kulalia."

Mfaume, shika ngazi.

Nimefungua kifuniko: chujio limefumba macho,
na nyuma yake koili,
mapezi membamba yasiyohesabika
yaliyowekwa ili upepo upite katikati,
yamevaa blanketi.
Basi. Ugonjwa wote ndio huo.
Hewa inabisha hodi, haifunguliwi,
na baridi imejifungia ndani, inaganda peke yake.

Blanketi lile nimelisoma kwa kucha:
poda ya mtoto (mjukuu alikuja likizo, akarudi kwao),
moshi wa udi wa Alhamisi usiku,
masizi ya korosho anazochoma uani,
vumbi jekundu la njia ya Newala
lililoingia na viatu vya nani sijui,
unywele mmoja mrefu wenye hina.

Umeme tumeuzima kwenye swichi kubwa, si kwa rimoti;
rimoti haijawahi kumwokoa fundi.
Tukauvisha ukuta nailoni, mdomo wake ndooni.
Nikapuliza povu, nikaliacha dakika kumi
linong'one na uchafu wake,
kisha nikavaa bomba la mgongoni.
Ni jipya, halijaonja dawa ya mikorosho,
lakini mkono ni uleule
alionifunza mjomba Nandala shambani Kitangari:
usilipige jani kwa hasira, lifuate linavyolala.
Pezi nalo ni jani. Ukilipiga ubavuni linapinda,
na yaliyopindwa na wale watatu
nimeyanyoosha kwa kitana, moja moja,
kama namchana mtoto aliyetoka kulia.

Maji yakashuka meusi, wino wa ngisi,
yakawa chai ya rangi,
yakawa maji.

Bi Somoe akachungulia ndoo, akaziba mdomo.
"Haya yote nilikuwa nayavuta?"
Aibu ya nini, mama.
Vile vitano ulivyouza vilikuwa safi,
havikupata mtu wa kuvichafua.
Akataka ayamwagie mchicha. Nikamkatalia,
yana dawa.

Nje, upande wa bahari, lile boksi kubwa
chumvi imelitafuna pembe kama panya.
Nimelisuuza, nikamwambia ukweli:
miaka miwili, labda mitatu
ukiniita kila baada ya miezi minne.
Akasema, "Utakuwa fundi wa kwanza
kunipa tarehe."

Saa nane na robo tukawasha.
Akaketi kitandani kuhesabu pesa,
elfu kumi, elfu ishirini,
baridi ikamfikia shingoni,
akanyamaza kidogo kama anayeitwa kwa mbali.
Tulipotoka kumwaga ndoo na kurudi,
upepeo ulikuwa sakafuni
na noti mbili zimelala naye kiganjani.

Sasa tuko barazani, mimi na Mfaume,
tunamenya ming'oko aliyotuchemshia,
elfu thelathini na tano bado haijakamilika,
kuna nyumba nyingine inatungoja Ligula,
na kila mmoja anamwambia mwenzake
kamwamshe wewe.